Re: Kuzika bila saruji wala sanduku Malindi, inawezekana?

Dadangu umeuliza mahali pa kumzika mamako bila saruji wala sanduku la vanishi, maana ameusia hivyo na nyinyi hamna shamba. Inawezekana kabisa, huku pwani Waislamu wanazika hivyo tangu zamani, sanda ya pamba, mwanandani (shimo la ndani ya kaburi analolazwa maiti), viunza (mbao za kulifunika), udongo basi, jeneza la kumbebea linarudi msikitini. Ila mengi ya makaburi yale ni wakfu, yaani ardhi iliyotolewa kwa ajili ya Waislamu, kwa hivyo nyinyi kama si Waislamu anzeni kaunti, makaburi ya umma yako chini yao, na uliza waziwazi kama sanda tupu wanakubali.

Mkitaka kuanzisha eneo lenu kama kikundi angalieni maji ya chini ya ardhi kabla ya hati ya shamba, nakusihi sana, mchanga wetu unapitisha maji haraka mno, mji wa Lamu wenyewe unategemea maji yaliyo chini ya vilima vya mchanga vya Shela, kijiji jirani, sasa kaburi karibu na kisima ni hatari. Uingereza maziko ya namna hii, ya kupanda miti, walianzia mji wa Carlisle mwaka 1993, ndani ya makaburi ya manispaa yaliyokuwepo tayari, miti ikachukua nafasi ya mawe ya kaburi. Mimi naona ombeni kaunti kona moja tu hivyo hivyo, mwarobaini utashika vizuri.