Ndoo ya tatu au ya tano?

Mhariri, swali lenu la wiki hii, "Je, bangi inampa kijana akili au inamtia wazimu?", limenigusa penye kidonda. Huu ni mwaka wangu wa 22 katika uashi, na kwenye saiti nyingi nilizopita msokoto haukosekani mchana. Wazimu sijauona sana. Nilichokiona ni kusahau, kusahau kwa saa zile chache tu, na hilo ndilo nitakalolijibu.

Mwaka juzi tulikuwa tunamwaga linta, ile boriti ya zege juu ya milango na madirisha, ya nyumba huko Chanika. Saidia fundi wangu alikuwa mtoto wa dada yangu, kijana mwepesi wa kuelewa kuliko wengi niliowafundisha. Baada ya ugali wa saa saba akapotelea nyuma ya tofali na wenzake, akarudi macho yamelegea. Nikampa kipimo: mfuko 1 wa simenti, mchanga ndoo 4, kokoto ndoo 8. "Sawa, mjomba." Nikapanda kukaza boksi la mbao la kumwagia zege.

Nikiwa juu namwona amesimama na ndoo ya mchanga mkononi, midomo inacheza. Anaangalia lundo, anaangalia ndoo, anamwaga. Anachota nyingine.

"Hiyo ya ngapi?"

"Ya tatu. Si ya tatu, mjomba?"

Ilikuwa ya tano. Nikaongeza simenti na kokoto, nikakikalia kile kipimo mpaka kikaisha. Kisha waya wa kufungia nondo ukatuishia, nikakimbilia dukani. Sikuchukua hata robo saa, lakini niliporudi akaniambia, "Mjomba, umetuacha saa nzima!" Alikuwa anaamini kabisa. Na zege jingine, alilolipima mwenyewe, lilikuwa limeshamwagwa juu ya dirisha la bafuni. Ningelizoa palepale. Sikulizoa, na hilo linaniuma hadi leo. Tulipovua boksi, zege lile lilimeguka kwa ukucha, mchanga mtupu. Tukalivunja, na simenti nikanunua kwa pesa yangu.

Shemeji yangu ni muuguzi. Alinieleza kwamba THC, kemikali iliyomo kwenye bangi, huivuruga hipokampasi, sehemu ya ubongo inayoandika mambo mapya. Ndiyo maana kijana aliukumbuka ujuzi wa zamani lakini ndoo ya dakika moja iliyopita ikampotea. Hata muda hurefuka kichwani. Ukivuta, huanza ndani ya dakika chache na kukaa saa 2 hadi 4 hivi. Ukila huchelewa kuanza, ila hukaa zaidi.

Nilipoanza kuandika nilitaka kusema wavutaji wote wafukuzwe saiti. Sasa nasita. Kesho yake asubuhi kijana yuleyule alipima kona ya mraba kwa kamba, pande za 3, 4 na 5, bila kukosea hata kidogo. Akili haikuwa imekwenda popote. Siwasemei wanaovuta kila siku, wala watoto wanaoanza wakiwa na miaka 14, hao nawahofia kweli. Na sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015 ipo palepale, anayekamatwa na bangi ana kesi ya kujibu.

Kwa hiyo jibu langu: haimpi akili, na huyu wangu haikumtia wazimu. Bado nafanya naye kazi. Ila nikigundua amevuta, siku hiyo hapandi jukwaani, na ndoo nahesabu mwenyewe.

Fundi mwashi, Dar es Salaam