Gombo la Torati likikutwa na kosa

SWALI: Nilialikwa sinagogi Jumamosi asubuhi. Katikati ya usomaji walisimama, wakalifunga gombo na kutoa jingine. Kulikoni?

JIBU: Yaelekea msomaji alikuta herufi iliyofutika. Gombo lina herufi 304,805, zote zimeandikwa kwa mkono juu ya ngozi. Ikipotea hata moja, halisomwi tena hadharani mpaka mwandishi wa magombo alirekebishe. Jingine hufunguliwa, usomaji ukaendelea. Lenye kasoro hufungwa mkanda kwa nje, juu ya joho lake, yaani kitambaa kinacholifunika gombo, asije mtu akalitoa wiki ijayo bila kujua. Adui wa wino ni unyevu, na jasho la vidole pia. Ndiyo maana msomaji hufuata mistari kwa kijiti, mara nyingi cha fedha, chenye ncha ya mkono mdogo ulionyoosha kidole.