Kisukari aina ya pili si cha wazee tu

Dada uliyeuliza kwani aina ya pili si ugonjwa wa wazee: zamani ndivyo tulivyozoea. Angalia Uingereza, ambako hesabu zake zinatunzwa vizuri. Mwaka 2002–2003, kati ya wajawazito waliokuwa na kisukari tangu kabla ya mimba, wenye aina ya pili walikuwa kama robo hivi. Kufikia 2014–2018 walishakuwa nusu. Unene, na ugonjwa kuanza mapema, vimechangia.

Kinachonikera ni watu kuiita aina ya pili "sukari ndogo". Katika takwimu hizo za 2014–2018, vifo vya vichanga vilikuwa vingi zaidi kwa mama wa aina ya pili kuliko wa aina ya kwanza! Wengi hufika kliniki mimba imeshakua, foliki asidi (vitamini ya kumkinga mtoto na kasoro za ubongo na uti wa mgongo) hawajaanza, na wengine bado wanameza losartan au enalapril, dawa za presha zisizofaa kwa mjamzito.

Kama unapanga kubeba mimba, muone daktari kabla. Upime HbA1c, kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi miwili mitatu iliyopita (lengo ni chini ya asilimia 6.5, ikiwezekana bila sukari kushuka mno), ubadilishiwe dawa, na umuulize kuhusu foliki asidi ya miligramu 5. Ila usiache dawa kienyeji.