Serikali inahitaji ruhusa ya sheria, raia hahitaji

Umeuliza kama serikali inaweza kufanya jambo lolote mradi hakuna sheria inayolikataza. Hapana, na hapo ndipo wengi wanapochanganya. Raia yuko huru kufanya lisilokatazwa. Ofisa wa serikali lazima aoneshe sheria inayompa mamlaka.

Tazama kesi ya Entick dhidi ya Carrington, Uingereza, 1765. Wajumbe wa mfalme walivamia nyumba ya mwandishi John Entick, wakavunja milango na masanduku, wakapekua kwa saa nne na kubeba karatasi zake. Mkononi walikuwa na hati ya waziri! Jaji Camden akasema kama sheria ya kumruhusu waziri ipo, itaonekana vitabuni. Haikuonekana, na Entick akashinda.

Kwa hiyo barua yenye muhuri peke yake haitoshi. Ukipewa amri, uliza imetolewa chini ya sheria gani, kifungu kipi. Na hata kifungu kikiwepo, mamlaka yatumike kwa lengo lililokusudiwa: leseni haifutwi ili kumkomoa mkosoaji. Uamuzi wa namna hiyo mahakama inaweza kuubatilisha, ila wahi, maana muda wa kufungua shauri mara nyingi ni mfupi.