Stika angavu: nyeupe itangulie au ifuate?

Pole ndugu yangu. Umesema stika zako za plastiki angavu zinatoka zimefifia, na wino mweupe unachungulia kando ya herufi. Wino wa rangi hupitisha mwanga, ndiyo maana unahitaji nyeupe nyuma yake, yaani kwa stika ya kawaida nyeupe itangulie kuchapwa. Kwenye faili la mchoro, iweke nyeupe kwenye leya (tabaka) yake kama rangi maalumu (rangi yenye jina lake), jina hilo lifanane herufi kwa herufi na lililo kwenye programu ya printa. Punguza kingo zake kwa milimita 0.2 hivi, haitachungulia tena.

Stika ya kubandikwa ndani ya kioo isomwe kutoka nje? Pindua picha kushoto-kulia, rangi zitangulie, nyeupe ifuate.

Na tafadhali tikisa wino mweupe kila asubuhi, unatuama upesi. Nilishaharibu roli nzima kwa kusahau hilo.