Hakuna lugha moja ya alama ya Ulaya, mdogo wangu

Mdogo wangu, poleni na mahangaiko ya viza. Umeniuliza, na shangazi naye kauliza hilohilo: binti yako kiziwi anakwenda kwa baba yake Vienna, ajifunze lugha ya alama ipi kabla ya safari? Ukasema Ulaya bila shaka wanayo moja, na kama si moja, basi ya Ujerumani itamtosha, maana Austria nao wanasema Kijerumani, na mimi hapa Hamburg ninaijua.

Laiti ingekuwa hivyo, ningemfundisha mwenyewe kwa simu kila jioni. Lakini haitamtosha. Lugha ya alama haifuati lugha ya mdomo. London na Dublin wote wanasema Kiingereza, ila kiziwi wa London hutaja herufi kwa mikono miwili na wa Dublin kwa mmoja, na lugha zenyewe ni mbalimbali kabisa. Alama za Marekani nazo zina asili ya Ufaransa, kwa sababu Laurent Clerc, mwalimu kiziwi wa Paris, alivuka bahari akasaidia kuanzisha shule Hartford mwaka 1817. Ubelgiji, nchi ndogo kuliko mkoa wa Tabora, ina ya Waflandria, wale wanaosema Kiholanzi, na ya wale wa upande wa Kifaransa.

Vienna na Ujerumani zilishika njia tofauti zamani. Kaisari Joseph II, aliyetawala kutoka Vienna, alikwenda Paris mwaka 1777, akamkuta padri de l'Épée akifundisha viziwi kwa alama. Akavutiwa, na mwaka 1779 shule ikafunguliwa Vienna. Mwaka mmoja kabla, Samuel Heinicke alikuwa amefungua ya kwake Leipzig, Ujerumani, naye alishikilia kwamba kiziwi afundishwe kutamka. Leo Lugha ya Alama ya Austria inatambuliwa na katiba yao, tangu 2005, kama lugha inayojitegemea. Hiyo ndiyo ya binti yako.

Juzijuzi nilimpeleka mwanangu Vienna, tukaingia klabu ya viziwi. Alisimama mlangoni akiitazama mikono ya watu, kisha akanigeukia kuniuliza wanasema nini. Siku ya tatu alikuwa anacheka nao. Viziwi huelewana haraka kuliko sisi tunaosikia: wataigiza, wataonyeshana, watakubaliana alama palepale. Ila kucheka pamoja ni jambo moja, kufuata somo la hisabati ni jingine, na mtoto wako anakwenda kusoma.

Nikwambie kosa langu, usilirudie. Tukiwa bado Dar nilimfundisha mwanangu alama za Marekani mwaka mzima kwa video za intaneti. Zilikuwa zimejaa kila mahali, nikadhani ndizo za dunia nzima. Mbaya zaidi, nilimkataza zile za kwetu alizozipata kwa wenzake, nikiona zitamchanganya. Tulipofika huku, darasani hawakumwelewa. Mtoto akanyamaza. Miezi minne hakuinua mkono kuniambia kitu ila njaa na usingizi. Bado inaniuma.

Kwa hiyo Lugha ya Alama ya Tanzania mwachie, tena mpeleke acheze na viziwi wenzake kadiri uwezavyo kabla hamjaondoka. Mtoto mwenye lugha moja iliyokamilika hushika ya pili upesi. Aliyekatwa ya kwanza huanza upya mikono mitupu.

Wa kuhangaika sasa ni shemeji. Yuko Vienna tayari, atafute leo kozi ya alama za Austria, na mwalimu awe kiziwi mwenyewe. Asiseme shule itamalizana na mtoto. Huku Ujerumani mkalimani wa hospitali analipwa na bima, na mimi nashukuru, lakini mezani nyumbani hakuna mkalimani. Nimewaona hapa watoto wetu wanaokula na wazazi wao kimya, mwaka hadi mwaka, baba anaandika kwenye simu "umeshiba?" Sitaki binti yako aishi hivyo.

Wewe nawe utaanza ukifika. Mikono itakuwa mizito, mwaka wa kwanza utalia. Jifunze tu.

Halafu nirekodie video binti akijitaja kwa alama ya jina lake, ile waliyompa wenzake shuleni. Mwanangu ameshaniuliza mara tatu.