Mwili unakarabati DNA, mbona jua bado linaleta saratani?

SWALI: Mwanangu wa miaka minne ana ualbino. Kliniki niliambiwa jua linaharibu DNA ya ngozi yake, ila mwili huikarabati. Kama huikarabati, saratani inatoka wapi? Na mbona mwili hauukarabati ualbino wenyewe?
Mama wa Pongwe, Tanga

JIBU: Mama, uliambiwa kweli. DNA ni nyuzi mbili zinazotazamana, zenye herufi nne: A hukaa mkabala na T, G mkabala na C. Miale ya jua isiyoonekana, ya urujuanimno, ikipenya ngozi, hugandisha herufi mbili jirani kwenye uzi mmoja, mara nyingi T na T. Uzi unapinda. Protini za ukaguzi huuona mpindo huo, nyuzi zinafunguliwa, kisha vimeng'enya viwili hukata uzi mbovu, kimoja kila upande. Kipande cha herufi kama 30 kinatolewa, pengo linajazwa kwa kufuata uzi wa pili ulio mzima, na kimeng'enya cha mwisho, ligasi, huunga. Aziz Sancar, aliyeichambua kazi hii, alikuwa mmoja wa watatu waliopata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2015.

Tatizo ni muda. Baadhi ya migando hiyo hukaa zaidi ya saa 24 kabla ya kuondolewa. Seli ikinakili DNA yake kabla ya hapo, herufi isiyo sahihi inaweza kuwekwa. Kwa jua, mara nyingi palipokuwa na C panakuwa T. Nakala ikishanakiliwa tena, nyuzi zote mbili zinakubaliana na mpindo haupo, kwa hiyo hakuna cha kukaguliwa. Hiyo sasa ni mutesheni. Nyingi hazidhuru, lakini ikiipata jeni kama TP53, inayozuia seli yenye DNA mbovu isigawanyike, breki imekatika: seli inaweza kugawanyika ovyo, na hapo ndipo saratani inapoanzia.

Ualbino nao umeandikwa kwenye nyuzi zote mbili tangu mimba kutungwa. Aina iliyoenea zaidi kwetu hutokana na jeni ya OCA2, na mara nyingi kipande cha herufi zipatazo 2,700 kimefutika. Mtoto hurithi nakala yenye kasoro kwa baba na nyingine kwa mama, kwa hiyo tafadhali asilaumiwe mmoja. Vimeng'enya vyake vya ukarabati ni vizima kabisa. Anachokosa ni melanini, rangi ya ngozi inayokinga jua, ndiyo maana vinazidiwa na kazi.

Mpunguzie kazi hiyo. Kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni akae kivulini, hata kukiwa na mawingu. Avae mikono mirefu ya kitambaa kilichofumwa kwa kubana na kofia pana pande zote, maana kapelo huacha masikio na shingo wazi. Losheni ya kukinga jua iwe ya SPF 30 au zaidi, apakwe kila baada ya saa mbili. Kidonda kisichopona ndani ya mwezi mmoja kionwe na daktari wa ngozi.

SWALI: Kufutika herufi moja na kufutika tatu, kipi kibaya zaidi?
Mwanafunzi wa kidato cha sita, Tanga

JIBU: Kwa kawaida moja, kwa sababu seli husoma herufi tatu tatu. Chukua MTU ALE YAI LEO. Futa T: MUA LEY AIL EO, na protini huharibika kuanzia hapo. Futa ALE yote: MTU YAI LEO, imepungua asidi amino (kijenzi cha protini) moja tu, ingawa ikiwa ni ya muhimu bado ni hasara. Kubadilika herufi bila kufutika ni jambo jingine: selimundu hutokana na GAG kuwa GTG kwenye jeni ya beta-globini, basi.